Hisia zinapitaje kwenye ubao? Chapa za Helen Frankenthaler

Wasanii wa ekspreshonizimu dhahania, wale wa New York wa miaka ya 1940 na 1950, walijijengea sifa moja kubwa: hisia inatoka mwilini, inapita mkononi na kutua kwenye kanvasi kabla akili haijaikagua. Jackson Pollock alitandaza kanvasi sakafuni na kuidondoshea rangi huku akiizunguka. Mwaka 1952 mhakiki Harold Rosenberg aliandika kwamba kanvasi imekuwa uwanja wa kutenda, na kinachobaki juu yake ni tukio.

Sasa chukua chapa ya ubao, yaani picha inayochapwa kwa mbao zilizochongwa na kupakwa wino. Msanii anachora wazo lake. Ubao unachongwa, pengine na mtu mwingine kabisa. Kila rangi inadai ubao wake, au sehemu yake ya ubao. Wino unapakwa kwa rola au brashi, karatasi inalazwa, inakandamizwa, inabanduliwa, inasubiri, kisha inarudishwa kwa rangi inayofuata. Picha inatoka imegeuka, kushoto kumekuwa kulia. Tangu wazo la kwanza hadi karatasi kutiwa saini, inaweza kupita miaka. Kama hisia ni kasi ya mkono tu, basi hapa ilipaswa kufia njiani.

Haifi, na mtu wa kumtazama ili kuelewa sababu ni Helen Frankenthaler (1928–2011). Aliwahi kusema kwamba picha nzuri kweli huonekana kana kwamba imetokea mara moja. Kuifanya ionekane hivyo ni kazi ngumu, na uchapaji una faida moja ambayo uchoraji hauna: kila hatua inaacha karatasi ya majaribio, kwa hiyo mtu anaweza kufuatilia jinsi "mara moja" hiyo ilivyotengenezwa.

Kanvasi inayonyonya

Oktoba 1952, akiwa na miaka 23, Frankenthaler alichora Mountains and Sea, kanvasi yenye urefu wa karibu mita 3 na kimo cha mita 2.2. Alikuwa ametoka safari ya Nova Scotia, Kanada. Aliizimua rangi ya mafuta kwa tapentaini hadi ikawa majimaji, akaimwaga juu ya pamba ghafi ambayo haikupakwa rangi ya msingi. Rangi haikukaa juu. Ilizama kwenye nyuzi na kutambaa, kama chai iliyomwagika kwenye shuka. Mwaka uliofuata wachoraji Morris Louis na Kenneth Noland walifika kutoka Washington kuiona, na kazi zao zikabadilika.

Mbinu hiyo ina madhara yanayojulikana. Mafuta yakiingia moja kwa moja kwenye pamba isiyo na kinga, huila taratibu. Tapentaini nayo hukimbia mbele ya rangi na kuacha duara la unjano kuzunguka kila doa. Ndiyo maana katika miaka ya 1960 alihamia akriliki, ambayo huzimuliwa kwa maji na haiozeshi kitambaa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hata hapa, kwenye kazi inayosifiwa kwa uhuru wake, nusu ya uamuzi ni wa kitambaa. Msanii anachagua uzito wa majimaji, mahali pa kumwaga, na wakati wa kufuta kwa sponji au kuacha. Kinachobaki kinaamuliwa na pamba. Kushirikiana na kitu kisichomtii mtu kikamilifu ndiko alikokuja nako kwenye ubao.

Jiwe kwanza, ubao baadaye

Chapa yake ya kwanza ilikuwa litografia ya mwaka 1961, First Stone, iliyofanyika kwenye karakana ya Tatyana Grosman huko West Islip, Long Island, iitwayo Universal Limited Art Editions. Kwa mchoraji, litografia haina ugomvi. Unachora juu ya jiwe laini kwa kalamu ya mafuta au brashi, jiwe linalowanishwa, wino wa mafuta unashika palipochorwa na kukataa palipo na maji. Mkono unakwenda ulivyozoea. Mchoraji Willem de Kooning alichora litografia zake za mwaka 1960 kule Berkeley, California, kwa mipigo mipana mno ya brashi, na jiwe likaipokea yote.

Ubao haupokei hivyo. Ukisukuma patasi kukatiza mistari ya mbao, inakwama au inaruka. Ukiifuata mistari, inateleza kupita ulipotaka kuishia. Wasanii wa Kijerumani wa kundi la Die Brücke, lililoanzishwa Dresden mwaka 1905, waliugeuza ukaidi huo kuwa lugha: nyuso zenye pembe kali, nyeusi kwa nyeupe, mikwaruzo iliyoachwa makusudi. Tangu hapo, ukitaja hisia na ubao pamoja, watu wengi huwaza makali ya patasi. Frankenthaler alitaka ubao ufanye kinyume chake: utulie, uenee, upumue kama madoa yake. Hilo ndilo tatizo alilolileta karakanani, na miaka 27 iliyofuata ilikuwa ya kulitatua kwa njia mbalimbali.

Jigso, na mstari mweupe

East and Beyond, chapa yake ya kwanza ya ubao, ilitoka mwaka 1973: rangi nane kwenye karatasi ya Nepal iliyotengenezwa kwa mkono. Badala ya kuchonga mistari, alikata maumbo mazima kutoka kwenye plaiwudi kwa jigso, msumeno mwembamba wa kukatia mikunjo. Umbo likishakatwa ni ubao mdogo unaojitegemea, unaweza kupakwa wino wake bila kugusa jirani yake. Msanii wa Norwei Edvard Munch alikuwa ametumia wazo hilo tangu miaka ya 1890: anakata ubao vipande, anapaka kila kipande rangi yake, anavirudisha pamoja na kuchapa.

Wazo ni jepesi, utekelezaji una mtego. Ubapa wa msumeno unakula mbao. Hata ubapa mwembamba huacha njia ya milimita moja hivi, na ule wa kawaida wa fundi seremala huzidi hapo. Vipande vikirudishwa pamoja, njia hiyo haina mbao, kwa hiyo haina wino, na kwenye karatasi inatokea kama mstari mweupe unaozunguka kila umbo. Kwa Munch mstari huo ulifaa, kwa sababu ulitenga mtu na mandhari yake. Kwa msanii ambaye hisia zake zote zinakaa pale rangi moja inapoyeyukia kwenye nyingine, mstari mweupe ni ukuta.

Kuna njia tatu za kuukwepa. Ya kwanza ni kutochapa vipande vyote kwa pamoja: kila umbo linakatwa kubwa kidogo kuliko linavyohitajika na kuchapwa kwa zamu, ili kingo zipandane kwa milimita mbili au tatu. Ya pili ni kuchapa kwanza rangi nyepesi ya msingi kwenye eneo zima, ili pengo lolote litakalobaki lionyeshe rangi hiyo badala ya weupe wa karatasi. Ya tatu ni kulikubali pengo mahali fulani na kulifuta pengine, jambo linalodai jicho zaidi kuliko ufundi.

Njia ya kwanza ndiyo yenye neema kubwa na hatari kubwa. Wino ukiwa mwepesi, yaani umechanganywa na besi isiyo na rangi kiasi cha kupitisha mwanga, mahali kingo zinapopandana panazaliwa rangi ya tatu ambayo hakuna ubao ulioibeba. Wino ukiwa mzito, kingo zinapopandana panakuwa na tuta la giza, na umbo linaonekana kama kiraka. Mtu anayejaribu mara ya kwanza huweka rangi nyingi mno kwa kuogopa kwamba besi itaifubaza. Matokeo yake kila tabaka linafunika lililotangulia, na baada ya rangi ya nne hakuna tena mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Chapa yenye rangi nyingi inakufa hivyo mara nyingi kuliko inavyokufa kwa kuchongwa vibaya.

Kuufanya ubao uonekane

Kwenye kanvasi zake, weupe wa pamba ghafi ulikuwa sehemu ya picha. Kwenye chapa, kazi hiyo ilichukuliwa na mistari ya asili ya mbao. Hapo uchaguzi wa mbao ukawa uchaguzi wa hisia. Lauani, mbao nyekundu ya Asia ya Kusini-Mashariki inayotumika sana kwenye plaiwudi, ina vinyweleo vilivyo wazi, na kila kinyweleo kinatoka kwenye karatasi kama kistari kifupi cheupe. Eneo pana la rangi moja linakuwa na mtikisiko, halikai kama rangi ya ukutani. Mbao zenye vinyweleo vidogo hutoa eneo tulivu zaidi.

Mistari hiyo haitoki yenyewe. Wachapaji husugua ubao kwa brashi ya waya kufuata mistari, ili sehemu laini zishuke na ngumu zibaki juu. Kisha kinachoamua ni wino. Rola ngumu hupita juu juu na kuacha vinyweleo vikavu. Rola laini huingia ndani na kuvijaza. Tabaka la wino liwe jembamba, na fundi hulipima kwa sikio: rola ikipita kwenye kioo cha kuchanganyia itoe sauti ya mchakacho mwembamba. Ikitoa mlio wa kunata, wino umezidi. Wino uliozidi hujaza vinyweleo, na baada ya karatasi tano au sita mistari inapotea kabisa. Ubao lazima usafishwe, ukaushwe na kazi ianze upya.

Mgandamizo nao una sauti yake katika picha. Mashine hukandamiza eneo lote sawasawa. Mkono, ukiwa na bareni, ile pedi ya duara ya Kijapani, au hata mgongo wa kijiko cha mbao, hukandamiza hapa zaidi na pale kidogo, na tofauti hiyo inabaki kwenye karatasi kama wepesi na uzito.

Rangi ya forosadi

Kazi inayoonyesha haya yote kwa pamoja ni Essence Mulberry ya mwaka 1977, iliyofanyika kwenye karakana ya Kenneth Tyler huko Bedford, jimbo la New York. Mwanzo wake ulikuwa vitu viwili visivyohusiana. Frankenthaler alikuwa ameona kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, chapa za Ulaya za karne ya 15, ambazo wino wake umefifia kwa miaka mia tano. Na nje ya karakana ya Tyler kulikuwa na mforosadi wenye matunda. Juisi ya matunda hayo ndiyo ikawa kielelezo cha rangi aliyoitaka.

Juisi ya forosadi yenyewe haiaminiki. Rangi yake ni nyekundu kwenye asidi na huelekea buluu inapokutana na kitu chenye alkali, na mwanga wa jua huifubaza haraka. Mchapaji anayeifuata kwa wino lazima akamate rangi isiyotulia kwa kitu kinachotulia. Kwenye chapa hiyo tunapata wekundu ulio karibu na damu ya mzee, lakini mwepesi, wenye mbao ikionekana ndani yake, na chini yake sehemu kubwa ya karatasi ikiwa imeachwa tupu.

Hiyo sehemu tupu ndiyo ya kuitazama kwa muda mrefu. Karatasi ni gampi, inayotengenezwa kwa nyuzi za kichaka cha Kijapani. Ni nyembamba, ngumu, yenye mng'ao wa hariri na unjano wa mbali. (Wengi hukisia kwamba ni karatasi ya kozo, ile inayotokana na jamaa wa mforosadi. Ingekuwa mchezo mzuri, lakini kozo ni nyeupe na yenye nyuzi nyuzi, isingebeba mng'ao huo.) Gampi hainyonyi kwa pupa, kwa hiyo wino mwepesi hukaa karibu na uso na kubaki na uhai. Ubaya wake ni kwamba wino ukinata sana, karatasi ikibanduliwa uso wake huchunika.

Watu huuliza hisia ya chapa hii ni ipi, kama vile kila rangi ina jina lake: nyekundu hasira, buluu huzuni. Kwa Frankenthaler swali hilo halifiki popote. Wekundu huuhuu ukifika hadi ukingo wa chini ungekuwa mzito, wa kukaba. Umekomeshwa juu, ukaachiwa uwazi mrefu chini yake, na mtazamaji anapata kitu kilicho karibu na kushusha pumzi. Hisia imekaa kwenye uwiano kati ya kilichochapwa na kilichoachwa, na uwiano huo hupatikana kwa majaribio: unachapa, unabandika ukutani, unarudi nyuma hatua tano, unaondoa kitu.

Mwaka 1980, kwenye Cameo, aliongeza silaha nyingine. Aliukwaruza na kuusugua uso wa ubao kwa msasa na hata kekee za daktari wa meno, mpaka ukaacha kuwa ubao laini. Alibuni hata jina la kufanya hivyo, guzzying. Faida yake ni kwamba alama za mkono wake zilirudi, lakini ndani ya ubao, chini ya wino. Mwaka 1983 alikwenda Kyoto kupitia karakana ya Crown Point Press, akafanya Cedar Hill na mafundi wa Kijapani. Ni kazi nzuri, ila kwa maoni yetu bado unaona picha ya rangi za maji iliyotafsiriwa kwa ustadi. Ubao wenyewe hausemi mengi.

Mkono wa nani?

Hapo ndipo swali gumu linapokuja. Kwenye Tales of Genji, chapa sita za mwaka 1998 zilizochukua karibu miaka mitatu kwenye karakana ya Tyler, sehemu kubwa ya kuchonga na kuchapa ilikuwa ya Yasuyuki Shibata, fundi aliyefunzwa kwa mapokeo ya Kijapani. Mfululizo huo umepewa jina la riwaya ya Kijapani ya karne ya 11. Frankenthaler alianza kwa kuchora moja kwa moja juu ya mbao, si kwenye karatasi. Uamuzi huo ulibadilisha kila kitu: kielelezo chenyewe kilikuwa na mistari ya mbao ikinyonya rangi yake, kwa hiyo fundi hakuwa akitafsiri kanvasi kwenda ubao. Alikuwa akitoka ubao kwenda ubao.

Utaratibu wa Kijapani unatatua tatizo la kurudisha karatasi mahali pale pale kwa alama mbili zinazochongwa kwenye kila ubao: moja ya pembe, kwenye kona, na nyingine ya mstari ulionyooka, kwenye ukingo huohuo. Karatasi inakaa kwenye pembe kwanza, kisha inashushwa kwenye mstari. Adui ni unyevu. Karatasi huchapwa ikiwa imelowanishwa ili ipokee wino wa maji, na ikiwa na unyevu hutanuka. Ikianza kukauka kati ya rangi ya kumi na ya ishirini, inasinyaa milimita moja au mbili, na kuanzia hapo kila rangi inakosa mahali pake. Ndiyo maana karatasi hupangwa kwa rundo, zikafunikwa kwa plastiki, na kuachwa usiku kucha ili unyevu usambae sawa. Na karatasi za ziada huandaliwa, kwa sababu nyingine zitaharibika tu.

Madame Butterfly ya mwaka 2000 ndiyo kilele. Rangi 102, mbao 46, karatasi tatu zilizowekwa pamoja kufikia urefu wa mita mbili, toleo la nakala 33. Tofauti ya idadi ya rangi na ya mbao inaeleza utendaji: ubao mmoja hubeba rangi zaidi ya moja, ama kwa kupakwa sehemu mbalimbali, ama kwa kurudi mara ya pili na wino mwingine. Zidisha 102 kwa 33 upate 3,366. Hata kama baadhi ya rangi zilipita pamoja, hicho ndicho kiwango cha kazi kwa nakala za toleo peke yake, mbali na majaribio.

Na matokeo yanaonekana kama ukungu uliopita haraka. Kwa hiyo mkono wa nani? Shibata alichonga na kuchapa, Tyler alisimamia karatasi na karakana. Frankenthaler alifanya kile ambacho hakuna mwingine angeweza kufanya: aliikataa kila chapa ya majaribio mpaka moja ilipokuwa sahihi. Chapa hiyo ya kibali ndiyo mchapaji huifuata kwa toleo zima. Wanaodai kwamba hisia imepungua kwa sababu mikono ni mingi wanasahau kwamba hata mwaka 1952 pamba ilikuwa na kauli. Lakini tusifichane: kazi ya mafundi hawa ni ya kiwango ambacho bila yake picha isingekuwepo, na lebo zinazotaja jina moja tu haziwatendei haki.

Ukiwa mbele ya chapa hizi, au hata ukizitazama kwenye tovuti ya jumba la makumbusho lenye picha zinazoweza kukuzwa (National Gallery of Australia huko Canberra ina mkusanyiko mkubwa wa kazi za karakana ya Tyler), anza na kingo za rangi. Tafuta mahali mbili zinapopandana na uone kama rangi ya tatu ina mwanga au ina tope. Kisha fuata mistari ya mbao: je, inapita chini ya maumbo yote kwa mwelekeo mmoja, au imebadilishwa ili umbo moja litulie na lingine litikisike? Kwenye Madame Butterfly angalia maungio mawili ya karatasi. Rangi inavuka maungio hayo, lakini kila karatasi imechapwa peke yake, kwa mbao zake, kwa hiyo mvuko huo umelengwa mara 33.